Kipanya kizima, kale kadogo hakapo

Kando ya barabara kuu ya Butembo, ile inayoitwa Président de la République, meza ya fundi wa simu haikosi kisanduku cha vitu vilivyokataa kutupwa. Kuna chaja zilizokatika shingo, vioo vya simu vyenye nyufa, na chini kabisa vipanya vya kompyuta visivyo na waya, suri kama wenyeji wanavyosema kwa kufuata Kifaransa. Ukitia betri na kukigeuza kimoja, taa nyekundu inawaka tumboni. Hakijafa. "Iko muzima, papa," fundi anamwambia mteja anayekipimapima mkononi. "Ni kale kadogo tu ndiko kalipotea."

Kale kadogo ni kipokezi: kipande cha plastiki na bati, kipana kama ukucha wa kidole gumba, kinachochomekwa kwenye tundu la USB ili kipanya au kibodi isikike ndani ya kompyuta. Kikidondoka njiani kati ya ofisi na nyumbani, kipanya kinageuka jiwe. Kipokezi peke yake ni nadra kukikuta sokoni, na cha kipanya kingine mara nyingi hakikubali.

Ajabu ni kwamba haya yanatokea Butembo, katika mji ulioinuliwa na biashara ya mbali. Wafanyabiashara wake kwa miongo sasa wanapanda ndege kwenda Dubai na Guangzhou, mizigo yao inashukia Mombasa, inavuka Kenya na Uganda, inaingia Kongo pale Kasindi. Kipanya kilichomo kisandukuni kimepita njia hiyohiyo. Mji unaijua safari yake yote: bei ya kontena, jina la wakala, siku za kusubiri forodhani, shimo gani la barabarani linavunja springi za lori. Ambacho haukijui ni kilichomo ndani ya kale kadogo.

Hilo lingeweza kubadilika kwa gharama ndogo sana. Kijana anayesoma kompyuta Butembo au Beni, au kule Masereka kwenye baridi ya milima ya Lubero, hapaswi kumaliza masomo kabla hajaunda kipokezi kimoja kwa mikono yake na kukiandikia programu mpaka kipanya kitembee kwenye skrini. Leo masomo ya kompyuta mara nyingi yanaishia kwenye Word na Excel. Mwanafunzi anatoka akijua kupigia mstari kichwa cha barua, na akiulizwa kwa nini herufi inatokea kwenye skrini anacheka kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowanisha.

Wapo watakaosema kwamba kama ni kujifunza, kuna vitu vikubwa zaidi. Kinshasa mwaka 2013 iliweka njia panda roboti za kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Mwaka huohuo vijana wa Nairobi waliotoka kwenye shirika la teknolojia la Ushahidi walichangisha pesa mtandaoni kwa ajili ya BRCK, kisanduku cha intaneti kilichoundwa kuvumilia umeme unaokatika. Ni kazi za kujivunia. Lakini roboti ya barabarani inahitaji kiwanda cha mabati, na kisanduku cha intaneti kinahitaji timu ya wahandisi na mtaji. Kipokezi kinamalizika. Wanafunzi wanne, meza moja, majuma machache, na mwishoni kuna kitu kinachofanya kazi yake yote. Shule zetu zina upungufu mkubwa wa vitu vinavyomalizika.

Halafu udogo wake unadanganya. Ndani ya ukucha ule mna vitu viwili vilivyooana: redio upande mmoja, USB upande mwingine, na katikati programu fupi inayotafsiri.

Redio kwanza. Vifaa hivi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, uwanja uleule unaogombewa na Wi-Fi, Bluetooth na hata oveni ya mikrowevu. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa kama sentimita 12.5, kwa hiyo antena ya robo wimbi hutaka sentimita 3 hivi. Kipokezi hakina sentimita 3 za kunyoosha. Ukibandua plastiki yake utaona mstari wa shaba uliokunjwakunjwa ubaoni, kona juu ya kona, kama barabara inavyopanda mteremko wa Kabasha. Mstari ule wa rangi ya dhahabu si urembo. Mwanafunzi akiukwaruza, umbali wa kusikika unapungua palepale.

Chipu iliyozifanya redio hizi kuwa rahisi imetoka Norway, kwa kampuni ya Nordic Semiconductor iliyoko Trondheim. Moja ya chipu zake, nRF24L01+, imekuwa kwa mafundi wa dunia kama msumari kwa seremala: ipo kila mahali, nyingine halisi na nyingine za kuigwa. Inaweza kuchagua njia 126 ndani ya masafa yake, na kila pakiti inayorusha hubeba si zaidi ya baiti 32. Mbele ya pakiti inakaa anwani, kwa kawaida ya baiti 5. Kipokezi kikisikia anwani yake hurudisha risiti hapohapo. Kipanya kisipopata risiti hurudia kutuma, hadi mara 15 kwa chipu hii, kisha hunyamaza.

Uyatima wa vile vipanya vya kisandukuni unaanzia hapo. Kila kinapoguswa kinaita anwani ya mtu aliyehama. Hakuna anayerudisha risiti. Kinaita tena, kinachoka, kinalala ili kulinda betri.

Upande wa USB una tabia tofauti kabisa, na mtu aliyelelewa kwa adabu za Kinande, za wenyeji wa Butembo, ataielewa upesi kuliko mhandisi wa Ulaya. Kifaa cha USB hakisemi mpaka kiulizwe. Kinakaa kama mkwe mbele ya wakwe zake. Kinapochomekwa, hujitambulisha kwa kuinua tu waya mmoja kati ya miwili ya data, na waya uliochaguliwa huonyesha kama kifaa ni cha mwendo wa chini, megabiti 1.5 kwa sekunde, au wa juu yake, megabiti 12. Kisha kompyuta inaanza kuhoji. Wewe nani? Kifaa kinajibu kwa karatasi ya baiti 18, yenye namba ya kampuni na namba ya bidhaa. Anayetumia Linux akiandika amri ya lsusb huziona namba hizo kwa macho: 046d ni Logitech, na c52b ni kile kipokezi chao cha Unifying, kilichotoka mwaka 2009 na kinachoweza kuhudumia vifaa sita kwa mpigo. Unafanya kazi gani? Mimi ni kibodi na kipanya. Taarifa zako zina umbo gani? Ya kipanya cha kawaida ina baiti 3: moja ya vitufe, moja ya kwenda kushoto na kulia, moja ya juu na chini. Ya kibodi ina baiti 8. Baada ya mahojiano, kompyuta inarudi kila baada ya milisekunde chache na swali lilelile: kuna jipya? Mkwe anajibu ndiyo au la, basi.

Kazi ya programu ya kipokezi ni kukaa katikati ya hawa wawili, mmoja anayepiga kelele hewani wakati wowote, mwingine anayetaka kuulizwa. Ipokee pakiti, ihakikishe ni ya jamaa yake, iifungue, iziweke zile baiti 3 mahali kompyuta itakapozikuta. Nordic ilifika mahali ikatengeneza chipu moja, nRF24LU1+, yenye redio, USB na prosesa ndogo ya ukoo wa 8051, ukoo ulioanzishwa na Intel mwaka 1980. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 16 au 32. Picha moja ya harusi inayozunguka WhatsApp ya Butembo haiwezi kuenea humo, lakini kipokezi kizima kinaenea.

Kwa mwanafunzi, chipu hiyo si ya kuanzia nayo, maana miguu yake ni midogo mno kwa pasi ya kulehemu ya kawaida. Njia rahisi ni kuchukua vipande viwili. Cha kwanza ni Raspberry Pi Pico, kibao kilichotolewa Januari 2021 kwa bei ya dola 4, chenye uwezo wa kujifanya kibodi au kipanya cha USB. Cha pili ni moduli ya nRF24L01+ yenyewe, ambayo katika maduka ya elektroniki ya Nairobi, mfano yale ya Luthuli Avenue, ni kitu cha dola chache. Waya saba zinatosha kuviunganisha.

Kosa la kwanza karibu kila mtu hulifanya: anaipa moduli volti 5 za USB moja kwa moja. Moduli inataka volti 3.3, na ikipewa 5 inaungua bila hata moshi wa kuaga. Kosa la pili ni la siri zaidi. Waya zimekaa sawa, programu haina hitilafu, na bado pakiti zinafika nusu nusu. Tiba yake imo katika kisanduku cha fundi yeyote wa redio: kapasita ya mikrofaradi 10 iliyolehemiwa karibu kabisa na miguu ya umeme ya moduli, ili redio ikitaka kurusha ipate akiba ya hapohapo bila kungojea umeme utembee kwenye waya ndefu. Mafundi wa zamani wa Butembo, waliorekebisha redio za kaseti za wazazi wetu, wangekiona kilema hicho kwa sikio. Vijana wenye cheti hawakioni. Hapo pekee pana sababu ya kuwaketisha meza moja.

Kuhusu kapasita, kalamu nyingi zingekimbilia koltani: madini yanatoka Kivu, yanarudi yakiwa ndani ya kipanya, na kilio kinaanza. Ukweli hauna mvuto kiasi hicho. Kapasita ndogo za ndani ya kipokezi kwa kawaida ni za kauri. Tantalumu inayotokana na koltani utaikuta zaidi kwenye simu na kompyuta zenyewe. Kufungua kitu na kutazama kunaponya hata hotuba zetu.

Sasa programu. Somo la kwanza zuri ni kuifanya Pico ijifanye kibodi na kuandika neno moja, na kwa Mnande neno hilo litakuwa wasingya, yaani asante. Mwanafunzi anaandika mistari michache, anachomeka kibao, na kwenye skrini ya kompyuta ya shule linatokea neno hili: zqsingyq.

Darasa litacheka, na hapo ndipo mwalimu mwenye akili atafunga mlango asiruhusu mtu atoke. Maana neno lile limebeba siri ambayo makarani wengi wa mji huu wanaishi nayo bila kuijua. Kibodi ya USB haitumi herufi. Inatuma namba ya mahali kitufe kilipo. Namba 4 ni kitufe kinachofuata kile cha kufungia herufi kubwa, katika mstari wa kati. Kwenye kibodi ya Kiingereza kimeandikwa A, kwenye ya Kifaransa kimeandikwa Q. Pico imetumwa na maktaba yake iliyoandikwa kwa Kiingereza, imetaja mahali pa A, na kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa imeona mahali pa Q. W na Z nazo zimebadilishana viti.

Kongo inasoma na kuandika ofisini kwa kibodi ya Kifaransa, AZERTY. Bidhaa zinazopitia Uganda na Dubai mara nyingi huja na ya Kiingereza, QWERTY. Matokeo yake yanaonekana kwenye vibanda vya kuchapa barua, ambako kibodi ya aina moja imechomekwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa aina nyingine, na karani amejifunza kutotazama vitufe. Asiyejua akija na kuandika Masereka kwa vitufe vya Kifaransa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza atapata :qserekq. Butembo itatoka Bute;bo. Beni peke yake inatoka salama, kwa kuwa herufi zake zote nne hazina ugomvi wa viti.

Mtu mwenye kipokezi chake mwenyewe anamaliza kesi hiyo kwa jedwali dogo ndani ya programu: ikija namba hii, toa ile. Kitufe kimoja pembeni, na kipokezi kinahama kutoka Kiingereza hadi Kifaransa bila kugusa mipangilio ya kompyuta ya mwenyewe. Kiwanda cha Shenzhen hakina sababu ya kuiundia Butembo kitu cha namna hiyo. Soko ni dogo mno kwake. Kwa kibanda cha kuchapa barua chenye kompyuta tatu za mtumba na kibodi za koo mbili, ni kitu cha kila siku.

Pingamizi la bei ni la kweli na halifai kuzungukwa. Kipanya kipya na kipokezi chake kinauzwa kwa dola ambazo hazitoshi kununua hata vipande vya kuundia kipokezi cha mkono. Kutengeneza ganda la plastiki kwa kalibu ni maelfu ya dola kabla hakijatoka hata kimoja. Namba ya kampuni, ile ya mahojiano ya USB, shirika linaloisimamia huitoza dola 6,000. Kwa kazi zilizo wazi kwa umma kuna mlango wa pembeni, mradi wa pid.codes, unaogawa namba za bidhaa bure chini ya namba ya kampuni 1209, lakini hata hivyo hakuna mfanyabiashara wa Butembo mwenye akili timamu atakayeweka mtaji wake hapo. Wala asishawishiwe. Anayewaahidi vijana kiwanda cha vipanya anawauzia upepo.

Faida iko kwingine, na sehemu yake kubwa ni usalama.

Januari 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kifaa alichokiita KeySweeper. Kwa nje ni chaja ya ukutani. Ndani kilikuwa na redio ya ukoo uleule wa nRF24, na kilisikiliza kibodi fulani zisizo na waya za Microsoft, kikiandika kila kitufe kilichobonyezwa chumbani. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2016, mtafiti Marc Newlin wa kampuni ya Bastille alitangaza udhaifu ulioitwa MouseJack. Vipokezi vya makampuni saba, yakiwamo Logitech, Microsoft, Dell, HP na Lenovo, vilikuwa na pengo la kushangaza. Kibodi zao nyingi zilisimba herufi zake, lakini vipanya havikusimbwa, kwa hoja kwamba nani atafaidika na kujua kipanya kimesogea kushoto? Kisha vipokezi vikakubali pakiti iliyojidai ni ya kipanya huku imebeba herufi za kibodi. Mtu mwenye redio ya chini ya dola 15 aliweza, kutoka umbali wa hadi mita 100, kuandika amri kwenye kompyuta ya mwingine bila kuigusa. Makampuni yalitoa marekebisho. Baadhi ya vipokezi havikuweza kurekebishwa hata hivyo, kwa sababu chipu zake ziliandikwa mara moja kiwandani na hazifutiki.

Mita 100 katikati ya Butembo ni umbali wa kuvuka barabara, kupita duka la mbao na kuingia ua wa pili. Humo ndani mna kaunta za vyama vya akiba na mikopo, COOPEC zinazotunza pesa za wakulima, ofisi za forodha, vituo vya afya. Eneo la afya la Masereka lilikuwa miongoni mwa yaliyoguswa na Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Majina ya wagonjwa na ya waliowagusa yaliandikwa na kuingizwa kwenye kompyuta, katika wakati ambapo jina likivuja familia ilitengwa na kijiji kizima. Mpaka leo takwimu za afya za Kongo zinaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, kitufe kwa kitufe. Swali la kibodi gani inatumika si la mafundi peke yao.

Mtu aliyewahi kuandika programu ya kipokezi hahitaji semina ili aelewe hatari hiyo. Ameandika mwenyewe mstari unaosema "pakiti ikiwa ya kipanya, pokea", na anajua jinsi ilivyo rahisi kusahau mstari unaofuata, unaosema "isipokuwa imebeba herufi". Mkuu wa ofisi akimuuliza, atampa jibu la bure: kaunta ya pesa na chumba cha majalada ya wagonjwa viwekewe kibodi ya waya. Waya haupendezi mezani, lakini haupigi kelele mpaka ua wa pili.

Kuna linalosemwa pia kwamba vipokezi vinakufa, Bluetooth imechukua nafasi. Labda Ulaya. Kompyuta nyingi za mezani zinazoingia hapa ni za mtumba na hazina Bluetooth. Zaidi ya hapo, kipokezi kinajitambulisha kama kibodi ya kawaida ya USB, kwa hiyo kinafanya kazi hata kabla Windows haijaamka, wakati fundi anapotaka kuingia kwenye mipangilio ya msingi ya mashine. Penye kompyuta zilizokwisha badilishwa mioyo mara mbili, hilo si jambo dogo.

Ugumu ambao hauzungumzwi sana ni mwingine. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura, na Beni imezika watu wengi mno. Kijana anayepita kizuizini na begi lenye vibao vilivyo uchi, waya na antena atasimamishwa, na askari atakuwa na haki ya kuuliza. Hata msamiati unatusaliti: uzi wa kulehemia mafundi wanauita risasi. Kazi hii basi ifanyike ndani ya ukuta wa shule, vibao vilale kabatini, na mkuu wa shule aweke barua yenye mhuri kwa yeyote atakayesafiri navyo. Redio yenyewe haina la kutisha, nguvu yake ya kurusha haizidi miliwati moja, lakini barua inasomeka upesi kuliko miliwati.

Umeme nao si kisingizio kama zamani. Butembo sasa inapata wa Virunga Energies kutoka kituo cha Luviro, huko huko Lubero, kwa wanaoumudu. Huko Masereka paneli juu ya bati inatosha pia, kwani Pico inakula umeme kidogo sana na kompyuta ndogo ya mapajani ndiyo mlaji halisi. Katika hali ya hewa ya kule juu, ambako viazi vinastawi na mawingu yanakaa hadi saa nne asubuhi, somo lipangwe mchana.

Walimu watakaolijaribu jambo hili watafanya vyema kuliunganisha na kisanduku cha fundi. Mwaka 2011 Mmarekani Travis Goodspeed aligundua ujanja wa kuifanya nRF24L01+ isikilize pakiti ambazo hazikuandikiwa yenyewe, kwa kuidanganya kuhusu urefu wa anwani. Watafiti wa MouseJack walipanda juu ya mabega yake. Ujanja huohuo uliotumika kuonyesha udhaifu unaweza kutumika kutafuta anwani ambayo kipanya yatima kinaiita hewani, kisha kipokezi kilichoundwa darasani kikafundishwa kuitika jina hilo. Haufaulu kwa kila aina. Vipo vyenye chipu za ukoo mwingine kabisa, na vipo vinavyochanganya pakiti zake kwa namna ya pekee. Vya Logitech vyenye ile alama ya rangi ya chungwa havihitaji hata ujanja: Unifying nyingine yoyote iliyo nzima, pamoja na programu ya bure ya Solaar kwenye Linux, inavipokea kwa dakika moja.

Vyenye alama ya chungwa basi viwekwe pembeni, fundi aviuze mwenyewe. Darasa lianze na vile visivyo na jina, vyenye maandishi ya Kichina tu tumboni, na betri mbili mpya za AAA. Kipokezi cha darasa kisichomekwe kwenye tundu la bluu la USB 3, maana Intel ilishaeleza mwaka 2012 kwamba matundu hayo yanavuja kelele ndani ya gigahezi 2.4. Waya wa kurefushia wa nusu mita unatosha kukitoa kwenye kelele hiyo, na waya huo unauzwa meza ileile ya fundi.